Mla Majani wa Kudumu

6 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naanza kwa kuomba radhi, maana najua umekaa ukisema kitinda mimba wangu kanitupa. Sijakutupa. Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila nikifika kwenye "sisi hatujambo" kalamu inagoma, kwa sababu tulikuwa hatuko salama, na uongo wa kuandika ni mbaya kuliko wa kusema. Unabaki kwenye karatasi unakutazama. Ningepiga simu, lakini tunajuana. Ukiwa kazini mashine za kiwanda zinanguruma, ukiwa nyumbani sikio lako limechoka na hizo mashine, na mazungumzo yote huishia "eeh? sema tena" mpaka salio linakata. Hili si jambo la kupigiana kelele.

Ni mjukuu wako. Tangu alipotimiza mwezi ametokwa na upele mashavuni na nyuma ya magoti, mwekundu, unatoa maji. Akishanyonya anajikunja kama uzi uliopitiwa na moto, analia mpaka sauti inakauka. Kisha choo chake kikaanza kuwa na utelezi na nyuzi za damu. Hapo nikaacha kusema "ni tumbo tu la watoto wachanga," nikambeba mpaka kliniki.

Daktari wa watoto ni mwanamke wa makamo, hana maneno mengi. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akauliza, "Wewe unakula nini?" Nikaona haya, nikadhani ananisema nimekonda. Kumbe siyo. Anasema mwili wa mtoto unayakataa maziwa ya ng'ombe, na ninayokunywa mimi yanamfikia kupitia titi. Kwa hiyo niache maziwa, siagi, samli, na kwa sasa niache pia nyama ya ng'ombe na mayai mpaka tuone. Nikamwuliza, "Nipunguze?" Akasema, "Sijasema upunguze. Nimesema uache."

Basi nimeacha. Na kwa kuwa kukumbuka kipi ni cha ng'ombe na kipi si cha ng'ombe kunachosha kichwa ambacho tayari hakijalala, nimeona bora nifunge mlango mzima: sili kitu chochote kitokacho kwa mnyama, awe wa kwato, wa mabawa au wa magamba. Jirani yetu wa mlango wa pili, mshonaji, ndiye anayenifundisha kupika. Watu wa jengo hili wanamwita Mama Majani, maana yeye haonji hata asali, na ngozi yake inang'aa kama sahani iliyofutwa.

Lakini mama, njaa ya kunyonyesha ni jini. Nakula maharage, viazi, wali, mboga, na kabla sijaosha sahani tumbo linaniuliza, "Na sasa?" Kinachoniokoa ni chupa yako ya karanga na ufuta vilivyosagwa. Napaka kwenye viazi, nakoroga kwenye uji, nachota kwa kijiko nikiwa nimesimama na mtoto begani. Bila chupa hiyo ningekuwa nimeshaanguka.

Kwa hiyo tafadhali, samli na nyama kavu usitume tena. Chupa tuma.

Mume wangu anakusalimu kutoka nyuma ya friji la mtu. Siku hizi mafriji ya mtaa mzima yameamua kufa kwa pamoja, na fundi ni yeye.

Kitinda mimba wako


15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mpe pole mjukuu wangu, yaani mume wangu. Mwambie mke wake mkubwa anamlilia, na huo upele ukimwachia alama nitampenda hivyohivyo, maana hata mimi si mrembo.

Sasa nisikilize. Sishindani na daktari. Lakini mimi ni mpishi, nalisha kiwanda kizima, najua tumbo la mtu mzima linavyofanya kazi. Hapa kwetu kuna wafanyakazi wa kudumu na kuna vibarua. Wa kudumu anaingia kila siku, awe anaumwa, awe na msiba, na ndiye anayeishia kuvunjika mgongo. Kibarua anakuja siku akiitwa, akichoka anapumzika, na mashine inazunguka vilevile. Kuwa kibarua wa majani, mwanangu, usiwe wa kudumu. Siku za kazi kula majani yako kwa uaminifu wote. Siku ya mapumziko chemsha mfupa unywe mchuzi, na kijiko cha samli juu. Mzazi ni nyumba iliyobomolewa ukuta ili mtu apite. Ukuta huo hujengi kwa mchicha.

Na huyo Mama Majani. Simjui, simsemi. Lakini mtu asiyeonja asali ana lake. Nyuki kamkosea nini? Mlevi hapendi kunywa peke yake, na asiyekunywa naye ni hivyohivyo, hutafuta wenzake. Usije ukamwendea kuazima chumvi ukarudi umebadilishwa dini.

Nimekuwekea chupa mbili, moja kubwa. Nimesaga mwenyewe hapa jikoni kabla ya chakula cha mchana cha kiwanda, laini kama ulivyozoea. Samli sikutia, ingawa mkono ulitaka. Kula, mwanangu. Ukila wewe ndio anakula yeye.

Mama yako,
Mpishi Mkuu (cheo nimejipa, hakuna aliyekikataa)


27 Februari

Mama,

Shikamoo. Mzigo ulifika salama, kifuniko cha chupa kubwa tu kililegea kikapaka soksi ulizomtumia mume wangu, Fundi. Amezivaa hivyohivyo, anasema zinanukia.

Nilimsomea yale ya kibarua na wa kudumu. Alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Anasema umemwelewa yeye kuliko mimi, maana yeye ndiye kibarua hasa. Hapa ndani anakula ninachokula, hataki kunitamanisha. Lakini nje ni nje. Anarudi jioni harufu ya nyama imemtangulia mlangoni, nikimtazama anasema, "Nimeonja tu, mteja alilazimisha." Kwake yeye tumbo ni kama friji, ukiliweka kwenye baridi kali siku zote, mota inaungua.

Siku ile Mama Majani alikuwa kwetu anatukatia nepi. Akamjibu bila kuinua uso, "Shemeji, uaminifu wa siku za kazi si uaminifu."

Fundi akasema, "Shemeji, mimi nazungumzia nyama, si ndoa."

"Na mimi nazungumzia vyote viwili."

Basi mama, wewe huwezi kumchukia mtu wa namna hiyo. Na naomba usimseme. Alipokuwa mdogo kwao walifuga mbuzi, akawapa majina, ukaja mwaka wakachinjwa wote, na tangu hapo roho yake ilifunga. Ni yake. Hajawahi kuniambia nimfuate. Mimi ndiye niliyegonga mlango wake, na siku nilipolala nimekaa kwenye kiti, ndiye aliyefua nguo zote za mtoto akazianika bila kuniamsha.

Sasa la kwangu, na ninalisema kwa heshima. Kibarua asipokuja siku moja, mashine inazunguka vilevile, umesema mwenyewe. Mimi nikila siku moja, mwanangu anatoka damu. Hiyo ndiyo tofauti. Sina imani mpya, sina mtindo, hakuna aliyenibadilisha. Ningekuwa naumwa mimi, ningekuwa kibarua kama mwenzangu na mfupa ningeufyonza mpaka ulie. Lakini anayeumwa hajui hata kushika kijiko. Tafadhali mama, usiniandikie tena habari ya mfupa.

Kuna jambo nililificha kwenye barua ya kwanza. Hapati nafuu. Upele umeshuka shingoni. Nimekwenda kliniki mara ya pili, na yule daktari aliweka kalamu chini akasema, "Kuna kitu unakula huniambii." Nikamwapia. Akasema anatupa mpaka mwisho wa Machi. Kama hakuna mabadiliko, niache kunyonyesha, mtoto apewe maziwa maalumu ya kopo, ambayo hapa hakuna duka linaloyauza, mpaka yaagizwe. Na titi likikauka, mama, halirudi kwa kuitwa.

Nililia kwenye kibaraza cha kliniki mbele ya wanawake wote, mmoja akanisogezea kitambaa chake bila kuuliza. Nilipofika nyumbani nikapekua jikoni kama askari. Biskuti za Fundi nimezigawa. Mkate nimeacha, maana mwokaji alipoulizwa alijikuna kichwa. Sufuria nimesugua kwa mchanga. Sioni kitu.

Nataka kumnyonyesha mwanangu. Ni kazi pekee ambayo mwili huu uliochoka unaifanya bila kufundishwa.

Chupa kubwa inakaribia nusu. Ndogo tumeshaimaliza.

Kitinda mimba wako


7 Machi

Mwanangu,

Sitataja mfupa tena.

Mwambie huyo daktari kwamba mimi ndiye niliyekulea, na hujui kudanganya. Tangu utoto ukidanganya masikio yanakucheza. Akutazame masikio.

Na Mama Majani mpe shukrani zangu za zile nguo. Sikujua ya mbuzi. Hata mimi kuku niliyempa jina sikumla, nilimwuza.

Nimeamua kula unavyokula wewe, ili nijue. Hapa jikoni imekuwa vichekesho. Nimesimama juu ya sufuria ya nyama sionji, wafanyakazi wakaanza kunong'ona: Mpishi haonji, leo kuna nini humu? Mmoja, yule wa bohari mwenye mdomo, akaja na sahani mpaka dirishani. "Mama, kama unataka kutuua tuambie, tuage kwanza."

Nikamwambia, "Ungekuwa wa kuuliwa ningekuua siku uliporudisha wali."

Siku za mwanzo nilikwenda vizuri. Halafu siku moja nikaukuta mkono wangu umeshachovya kijiko, umeshanitia mdomoni, na nimeshameza. Sikuutuma. Mkono wa mpishi una akili zake, hauombi ruhusa. Kwa hiyo nakiri, mimi nitabaki kibarua, na nakuvulia kofia wewe wa kudumu.

Pole, safari hii hakuna chupa. Mashine ya kusagia imeungua, kipuri kinangojewa. Nakutumia maharage, dengu na viazi vitamu vya kukausha. Usilie mbele ya watu, mwanangu. Lia ndani, kisha kunywa maji, maana machozi nayo ni maji yanayotoka kwenye maziwa yako.

Mama


26 Machi

Mama, mama, mama,

Shikamoo nyingi kwa mkupuo.

Amepona. Sijui niandikeje. Kwanza kilio kilipungua, nikaogopa kukitaja. Kisha magoti yakakauka, yakatoa magamba, chini yake ngozi mpya kama ya ndizi iliyomenywa. Choo safi kabisa. Fundi ananicheka kwamba sijawahi kumwonyesha barua ya mapenzi kwa furaha niliyomwonyesha nepi ile. Na amelala. Kalala mchana kutwa, mpaka mimi nikawa namgusa kuona kama anapumua.

Leo ilikuwa kliniki. Daktari alimvua, akamgeuza, akamtazama nyuma ya magoti kwa muda mrefu. Kisha akamvalisha mwenyewe, akafunga vifungo mpaka cha juu. "Endelea kunyonyesha," akasema, akanishika bega. Hayo tu. Nilitoka pale miguu haijui ardhi iko wapi. Hatukupanda gari, tulitembea mpaka nyumbani ili nimwangalie.

Sasa kila mtu anajidai. Mama Majani anasema ni kwa sababu hatimaye mwili wangu umesafika. Fundi anasema ni kwa sababu ameacha kuonja kwa wateja, na kweli tangu nilie siku ile hajaonja, nilimnusa mwenyewe. Nami nawaachia wajidai. Ushindi una baba wengi.

Ila nimekonda, pete inacheza kidoleni. Tangu chupa iishe, mwanzoni mwa mwezi, sijashiba. Naota ile chupa. Mashine ikipona nisaidie.

Kitinda mimba wako anayecheka peke yake


2 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimeizungusha jiko zima. Yule wa bohari hajui hata jina lako lakini kasema leo anakula sahani mbili kwa ajili ya mtoto.

Mashine imepona jana. Nakutumia chupa tatu, zote kubwa, nimesaga laini kuliko siku zote, kwa furaha. Jaza mwili huo. Mume wangu mbusu kisogoni.

Mama


13 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii uisome ukiwa umekaa, na uisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Umerudi. Upele, kilio, kujikunja, na jana nyuzi za damu. Mzigo wako tuliupokea kwa shangwe, nikala kama mtu aliyetoka jela. Siku chache tu baadaye mashavu yakawa mekundu. Nikasema ni joto. Nikasema ni sabuni. Nilisema kila kitu ila kile nilichokuwa nakiona.

Fundi ndiye aliyenisaidia kufikiri. Anasema friji likikataa kugandisha, usilifungue lote. Uliza tu, lilipokuwa zima, ni kitu gani hakikuwepo? Mtoto alipona mwezi ule ambao mashine yako ilikuwa imeungua. Ameumwa tena ilipopona. Katikati hapo sikuongeza kitu, sikupunguza kitu, ila chupa.

Nimeziweka juu ya kabati zote tatu, sizigusi. Huenda nimekosea. Huenda ni karanga zenyewe mwanangu hazimfai, au ufuta, na kama ni hivyo nitaziacha nazo, sijui nitakula nini lakini nitaziacha. Ndiyo maana nakuuliza. Ndani ya chupa hiyo kuna nini? Niandikie hatua kwa hatua, tangu unapowasha moto. Hata kile unachokiona hakihesabiki.

Sikuulizi kama hakimu, mama. Nakuuliza kama mtu aliyelelewa na chupa hiyohiyo. Lakini nakuuliza, na nahitaji jibu lililo kamili, kwa sababu daktari amesema akimwona hivi tena hataniuliza mara ya tatu.

Mwanao


19 Aprili

Mwanangu,

Nilikasirika. Nilikaa kama ulivyosema, nikakasirika nimekaa. Nikasema, huyu mtoto niliyemlisha kwa mkono huu leo ananiambia namlisha mjukuu wangu sumu. Nikakuandikia barua kali, nashukuru niliichana.

Kisha nikasema, ngoja nimwonyeshe. Nikamwita msaidizi wangu wa jikoni, nikampa karatasi, nikamwambia, "Mimi nafanya, wewe andika kila ninachokigusa, tumtumie huyu mjuaji." Nikakaanga karanga, akaandika. Nikapepeta maganda. Nikakaanga ufuta, nikamimina vyote kwenye mashine, nikatia chumvi. Akaandika. Mashine inazunguka. Mimi namsimulia habari nyingine kabisa, habari za yule wa bohari, na mkono wangu ukaenda rafuni, ukachota kikombe, ukamimina.

Msaidizi akasema, "Na hicho?"

Nikasema, "Hicho usiandike, si kitu. Ni cha kushikisha, mafuta yasipande juu."

Akauvuta mfuko kutoka rafuni, akaugeuza upande wa mbele. Kuna picha ya ng'ombe, mwanangu. Ananitazama.

Nitakueleza ilivyo, si kwa kujitetea. Hapa tunaweka mabakuli ya karanga mezani tangu asubuhi. Mafuta yakipanda juu wafanyakazi wanasema imeharibika, wanairudisha. Mpishi aliyenitangulia ndiye aliyenifundisha: tia vikombe viwili vya maziwa ya unga, inashikana, inakuwa laini, hairudishwi. Nami nimetia tangu wewe hujazaliwa. Lakini kichwani mwangu, wallahi, hayajawahi kuwa maziwa. Maziwa ni yale yanayochemka yakamwagika, ukayakimbilia. Haya makavu yanakaa rafu moja na ngano na mahindi, tunayachota kwa kikombe kimoja. Ukiniamsha usingizini ukaniuliza nilichokutumia ni nini, nitaapa: karanga, ufuta na chumvi.

Ule ulaini uliokuwa unausifu ndio huo.

Nilikaa kwenye gunia la viazi. Msaidizi akataka kuniletea chai, nikamwambia isiwe ya maziwa. Nimekuhubiria uwe kibarua, siku za kazi majani, siku moja ng'ombe, na ukakataa kwa adabu. Kumbe wakati huohuo mimi ndiye niliyekuwa nakufanya kibarua kwa siri ambayo hata mimi sikuijua, kila siku, kijiko kwa kijiko, na wewe unaapa mbele ya daktari kwamba ni wa kudumu. Nimefikiria ulivyolia pale kibarazani. Mikono yangu ilikuwa pale.

Mfuko nimeuhamisha. Sasa unakaa peke yake karibu na dirisha, nimeandika juu yake kwa makaa, herufi kubwa: MAZIWA. Wasaidizi wanacheka. Wacheke.

Mwaga hizo chupa. Sitakutumia tena chakula, mwanangu, mkono huu siuamini. Nitatuma sabuni.

Nisamehe. Mwombe na mume wangu anisamehe, mwambie mke wake mkubwa ni mpumbavu lakini anampenda.

Mama


10 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Nimechelewa tena, ila safari hii nimechelewa kwa raha. Nilitaka kwanza nione kwa macho, niwe na cha kukuandikia.

Amepona. Amepona kabisa, na sasa tunajua kwa nini, na kujua ndiko kunakonifanya nilale. Mwezi ule wa Machi nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu barabarani, huku anageuka nyuma kutazama mwenyewe asije. Sasa hivi ni changu. Mashavu yake yako hivi, laiti ungeyaona, yamepanda mpaka macho yamekuwa madogo. Jana alicheka kwa sauti mara ya kwanza. Alichekea mwiko.

Nilimsomea daktari barua yako, sehemu ile ya ng'ombe anayekutazama. Yule mwanamke asiye na maneno alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniomba radhi. "Nilidhani unanificha," akasema. Nikamwambia hata mimi nilikuwa nimeanza kujidhania. Amesema watoto wengi huja wakayazoea, na mwakani, pole pole, tutajaribu. Mpaka hapo, kama tulivyo.

Sasa kuhusu kusamehe. Mama, usinichoshe. Ungekuwa hunipendi ungenitumia karanga zenye mafuta yaliyopanda juu. Ulitaka nipate kilicho laini. Mimi huyu huyu nilipekua jikoni nzima, nikamnusa mume wangu masharubu, na chupa yako sikuigusa hata kwa mawazo, kwa sababu imetoka kwako. Hilo la kutuma sabuni tu silikubali. Hujanilea kwa sabuni.

Uliniambia zamani niwe kibarua, na sasa nina jibu langu mwenyewe, si la Mama Majani wala la Fundi. Kula majani muda wote si kugumu kama nilivyodhani. Mwili wangu umezoea, na siku hizi harufu ya nyama ikipita dirishani naisikia kama muziki wa jirani, ni mzuri lakini si wangu. Lakini sitamwambia mtu yeyote kwamba ni lazima. Fundi amekuwa kibarua wa siku nyingi, anaonja mara moja moja na anakiri kabla sijamnusa, na ana afya yake. Wewe umekuwa kibarua kwa ajili yangu. Mama Majani ni wa kudumu kwa ajili ya mbuzi wake. Kila mmoja ana yule anayekula kwa ajili yake. Mimi wa kwangu yuko hapa mgongoni ananivuta nywele ninavyoandika, na akishaweza kula samaki bila kuumia, nadhani samaki nitamla, maana samaki namkumbuka. Maziwa sina haraka nayo. Hiyo itakuwa hiari yangu siku hiyo. Kwa leo ni wa kudumu, na kwa kudumu namaanisha hata kile kisichohesabika.

Kazini wananingoja mwezi ujao, kule hotelini ninakokunja mashuka. Nimewaambia nakuja, na mtoto atakuwa kwa Mama Majani mchana, nitatoka kumnyonyesha. Msimamizi akakunja uso. Nami nikakunja wangu, wa kwangu ukashinda.

Basi, ninavyohitaji kutoka kwako ni hivi:

Maharage yale madogo mekundu, kwa sababu ya hapa hayaivi.

Dengu, kama zile za mwanzo.

Shuka kuukuu lililolainika, la kukata nepi. Usinunue jipya, jipya linamkwaruza.

Kofia moja ya mtoto. Kichwa kimekua, nywele bado.

Picha yako. Si ile ya sherehe uliyonuna. Ya jikoni, na aproni yako.

Soksi nyingine za Fundi, ukizifunga mbali na chakula.

Na chupa mbili za karanga na ufuta. Zisage wewe, siyo msaidizi, na siyo kwenye mashine ya kiwanda. Nyumbani kwako, kwenye kinu, umekaa, husimulii mtu habari yoyote. Karanga, ufuta, chumvi, basi. Mafuta yakipanda juu yaache yapande. Nitakoroga.

Kitinda mimba wako